Chuma cha kuchapwa: kukitazama kingali kinavutwa

MASWALI YA WASOMAJI: UFUNDI NA SAYANSI

Barua tatu kati ya zilizotufikia mwezi huu zinahusu jambo moja, yaani vyuma vinavyotengenezwa kwa printa ya 3D na namna vinavyopimwa. Tumeziweka pamoja. Jibu la kwanza limechukua nafasi kubwa kuliko mengine kwa sababu swali lake ndilo linalobeba hayo mawili yanayofuata.

SWALI

Ndugu Mhandisi, mimi ni fundi wa kukereza vyuma hapa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Mteja wangu ameniletea pangaboi la pampu ya maji lililochapwa nje ya nchi kwa unga wa chuma kisichoshika kutu, pamoja na karatasi ya vipimo, naye anataka nilikereze tundu la kati lipokee shafti yake. Karatasi inasema chuma hicho huhimili mkazo wa megapaskali 480 (kipimo cha nguvu inayobebwa na kila kipande cha eneo) kabla ya kuanza kurefuka moja kwa moja bila kurudi. Stenlesi ya aina hiyo hiyo, 316L, ninayoinunua dukani, kiwango chake cha chini kinachokubalika ni 170. Namba ni nzuri mno, nami sijaizoea. Kijana mmoja msomi ameniambia kwamba watafiti siku hizi hawatosheki na namba ya mwisho, bali hutazama ndani ya chuma wakati kinavutwa. Wanatazama nini humo, na kwa nini namba isitoshe?
Fundi, Gerezani

JIBU

Ndugu fundi, namba hiyo inaweza kuwa ya kweli kabisa, na wasiwasi wako nao ukabaki kuwa wa haki. Nianze na ugumu wenyewe. Mashine iliyotengeneza pangaboi hilo hutandaza unga wa chuma, wenye chembe za kipenyo cha mikromita 15 hadi 45 hivi (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), katika tabaka jembamba la mikromita 20 hadi 60; leza hupita juu yake na kuyeyusha pale tu panapotakiwa, kisha tabaka jingine hutandazwa, na kazi huendelea hivyo mara maelfu. Kibwawa cha chuma kilichoyeyuka huwa kidogo kuliko punje ya ulezi, nacho huganda kwa kasi ambayo hakuna msubu vyuma anayeweza kuipata katika kalibu ya mchanga: nyuzi joto laki moja hadi milioni kumi kwa sekunde. Kwa kuganda kwa haraka hivyo, ndani ya kila punje ya chuma hujengeka vyumba vya upana usiofika mikromita moja, ambavyo kuta zake ni msongamano wa dislokesheni, yaani mistari ambayo safu za atomu zimekosea kupangana. Chuma hunyumbuka pale safu hizo zinapoteleza. Kuta zikiwa nyingi, mtelezo hukwama kila hatua, na ndiyo maana chuma hiki husalimu amri katika mkazo unaozidi mara mbili ule wa chuma cha dukani. Tena 316L iliyochapwa vizuri hurefuka sana kabla ya kukatika, jambo lililowashangaza wengi, kwa sababu tumezoea kwamba ukiongeza ugumu unapoteza mrefuko.

Lakini moto ule ule uliojenga vyumba hivyo huacha na mambo mengine. Kila tabaka likiganda hutaka kusinyaa, na tabaka la chini yake, ambalo limekwisha kupoa, hulizuia. Matokeo yake ni mvutano unaobaki umefungwa ndani ya kipande hata kikiwa kimelala mezani bila kuguswa, kwa kawaida ngozi ya nje ikiwa inavuta na kiini kikiwa kinasukuma. Pili, kunabaki vitundu. Vingine ni vya mviringo, vilivyotokana na hewa iliyonaswa au na leza iliyochimba kwa nguvu kupita kiasi, na vingine ni bapa, vyenye kingo kali, vilivyobaki pale tabaka mbili ziliposhindwa kuyeyukiana. Hivi bapa ndivyo vya kuogopa. Halafu kuna suala la uelekeo, ambalo mafundi samani wa Keko wanalielewa bila kufundishwa, kwa sababu mninga haupasuki sawasawa ukipigwa kufuata nyuzi na ukipigwa kukata nyuzi. Chuma cha kuchapwa nacho kina nyuzi zake, na hufuata upande ambao tabaka zilipandiana.

Namba 480 haisemi lolote kuhusu hayo. Kipimo cha kuvuta tunakijua hapa mjini kutokana na nondo: kipande hubanwa ncha mbili, mashine huvuta, grafu hupanda, hupinda, halafu kunasikika mlio na kipande kimekuwa viwili. Kwa nondo iliyoviringishwa kiwandani, ambayo tabia yake tumeijua kwa zaidi ya miaka mia moja, namba hiyo inatosha kwa sababu uzoefu umejaza mengine yote. Kwa chuma cha kuchapwa uzoefu huo bado haujakomaa, na kukipima kwa namba ya mwisho peke yake ni kama kumsifu dereva wa basi kwa saa aliyofika stendi ya Mbezi bila kuuliza aliteremkaje mlima wa Kitonga.

Nakiri kwamba nami niliwahi kunaswa hapo. Miaka michache iliyopita niliombwa ushauri kuhusu kishikio kilichochapwa kwa ajili ya mtambo fulani, nikaangalia karatasi, nikaona namba nzuri, nikasema kinafaa. Kilikatika baada ya wiki chache, kikiwa kimepasuka kama kuni, katikati ya tabaka na tabaka. Sampuli iliyopimwa ilikuwa imechapwa ikiwa imelala, wakati kishikio chenyewe kilichapwa kimesimama. Karatasi haikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyesoma namba ya kipande kingine.

Sasa, watafiti wanatazama nini? Wanaanzia nje, ambako njia ni nyepesi: uso wa sampuli hupakwa madoa madogo meusi juu ya rangi nyeupe, kamera hupiga picha mfululizo wakati mashine inavuta, na programu hufuatilia kila kundi la madoa limehama kiasi gani. Hapo huonekana kwamba kipande hakirefuki sawasawa. Mahali fulani panarefuka mara tatu ya jirani yake, kwa mfano palipo na mshono wa njia za leza au kitundu kilichojificha chini ya ngozi, na doa hilo la mrefuko huanza kuonekana mapema, wakati grafu ya mashine bado inapanda kwa utulivu kana kwamba hakuna lolote. Wakitaka kukaribia zaidi, huweka kijimashine cha kuvuta ndani ya hadubini ya elektroni, wakaona mistari ya mtelezo ikichomoza juu ya punje moja moja na ufa ukichagua njia yake kati yao. Ila hadubini hiyo huona uso tu, na uso wa sampuli uliosuguliwa hadi kung'aa haufanani na uso mkwaruzo wa pangaboi lako.

Ndani kabisa huonekana kwa eksirei, kwa njia inayofanana na CT-scan ya hospitali, isipokuwa mwali wake una nguvu zaidi na kinachozungushwa ni sampuli. Picha za pande zote zikiunganishwa, hupatikana umbo kamili la kila kitundu, na zikirudiwa hatua kwa hatua wakati kipande kinavutwa, hupatikana kisa cha kila kitundu tangu mwanzo hadi mwisho. Kile cha mviringo hurefuka polepole kuelekea upande wa mvuto, nacho mara nyingi hufika mwisho wa safari bila kuleta madhara makubwa. Kile bapa, kikiwa kimelala katikati ya tabaka na mvuto ukija wima, hufunguka kama mdomo, kingo zake kali hugeuka kuwa ufa, na ufa huo hutafuta kitundu cha jirani. Ndiyo sababu vipande viwili vyenye jumla ya vitundu iliyo sawa, tuseme nusu ya asilimia moja, vinaweza kuwa na maisha tofauti kabisa: kinachoamua ni umbo, uelekeo na ukaribu wa kitundu na uso, kuliko jumla yake. Katika mzigo unaokuja na kuondoka mara nyingi, kama ule unaolipata pangaboi kila pampu inapozunguka, ufa wa uchovu huanzia karibu kila mara kwenye uso au kwenye kitundu kilicho jirani na uso.

Nisije nikazisifu njia hizi kupita kiasi. Sampuli inayoingia katika mwali wa eksirei mara nyingi ina unene wa milimita moja au mbili, na kitundu kikubwa na adimu, kile kitakachovunja pangaboi zima, kinaweza kabisa kisiwemo katika kijiti kidogo hivyo. Tena mara nyingi mashine husimamishwa ili picha zipigwe, na chuma kilichosimamishwa katikati ya kuvutwa hulegea kidogo, mzigo ukashuka wenyewe, kwa hiyo kinachoonekana ni chuma kilichopumzishwa njiani. Watafiti waangalifu huandika jambo hilo wazi. Wengine hulipita kimyakimya.

Kwa pangaboi lililo mbele yako, mwulize mteja mambo mawili kabla ya kuwasha mashine. Kwanza, sampuli ya kipimo ilichapwa kwa uelekeo gani ukilinganisha na mapanga ya pangaboi? Pili, je, kipande kilipashwa moto baada ya kuchapwa ili kuondoa mkazo uliofungwa ndani, na kwa nyuzi ngapi? Kama hakikupashwa, ukianza kuondoa ngozi ya upande mmoja utaona tundu ulilolikereza likipoteza duara lake mara tu unapolegeza taya za chaki, yaani kibanio cha mashine yako, kwa kuwa utakuwa umeondoa upande mmoja wa mvutano na kuuacha mwingine. Ondoa kidogo kidogo, geuza, legeza, pima, kisha rudi. Na kama kilipashwa kwa nyuzi 1,000 hivi au zaidi, fahamu kwamba kuta za vile vyumba zitakuwa zimefutika na chuma kimerudi karibu na tabia ya kile cha dukani. Hapo namba 480 isingetakiwa kuonekana kwenye karatasi.

SWALI

Shikamoo Mhandisi. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi mitambo, mwaka wa tatu, hapa Dar es Salaam. Nimesoma kwamba eksirei na nyutroni zinaweza kupima mkazo ndani ya aloi (metali iliyochanganywa na kitu kingine) wakati ikivutwa. Sielewi mwali unawezaje kupima mkazo. Pia ningependa kujua kama kuna lolote la namna hiyo tunaloweza kulifanya hapa nyumbani kwa mradi wa mwaka wa mwisho.
Mwanafunzi, Ubungo

JIBU

Marahaba mwanangu. Mwali haupimi mkazo. Unapima umbali kati ya safu za atomu, na mkazo tunaukokotoa sisi. Mwaka 1912 Max von Laue alionesha kwamba eksirei zikipita katika fuwele, yaani kitu ambacho atomu zake zimepangana kwa safu kama zilivyo ndani ya punje ya chuma, hutoka kwa mpangilio maalumu, na muda mfupi baadaye William Henry Bragg na mwanawe William Lawrence Bragg, wakiwa Uingereza, walitoa kanuni rahisi inayounganisha pembe ya mwali unaotoka, urefu wa wimbi na umbali wa safu. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1915, baba na mwana kwa pamoja. Ukikivuta chuma, safu zake huachana kidogo, pembe hubadilika, nawe ukaisoma. Vifaa vizuri hutambua badiliko la sehemu moja kwa elfu kumi. Kwa chuma ambacho ukinzani wake dhidi ya kurefuka ni gigapaskali 200 hivi (gigapaskali moja ni megapaskali elfu moja), badiliko hilo ni sawa na mkazo wa megapaskali 20, na kiasi hicho kinatosha kwa kazi nyingi.

Uzuri wa njia hii ni kwamba kila aina ya fuwele hutoa pembe zake, kwa hiyo aloi yenye vitu viwili ndani huweza kuhojiwa kimoja kimoja. Chukua aloi ya alumini yenye silikoni karibu asilimia kumi na magnesi kidogo, AlSi10Mg, ambayo ni maarufu sana kwa wachapaji. Ikitoka kwenye mashine, silikoni huwa imejipanga kama wavu mwembamba unaozunguka vyumba vya alumini. Wakati wa kuvuta, eksirei na nyutroni huonesha alumini ikisalimu amri kwanza na kuusukumia wavu mzigo, mpaka wavu unabeba mkazo mkubwa kuliko alumini yenyewe. Ukiipasha aloi hiyo hadi nyuzi 300 hivi, wavu hukatika kuwa vipunje, nguvu hupungua na mrefuko huongezeka. Grafu ya kawaida ingekuonesha tofauti hiyo ya nguvu, ila isingekuambia nani alikuwa amebeba mzigo. Vivyo hivyo kwa aloi ya titani yenye alumini asilimia sita na vanadi asilimia nne, ambayo kwa kupoa upesi huganda katika umbo la sindano liitwalo martensiti, gumu na lenye mrefuko mdogo: wakiipasha moto ndani ya mwali, watafiti huona sindano hizo zikivunjika na kugeuka dakika kwa dakika, wakajua ni joto gani na muda gani unatosha.

Eksirei zenye nguvu hiyo hutoka katika sinkrotroni, ambako elektroni huzungushwa kwa kasi iliyo karibu sana na ile ya nuru katika pete kubwa. Ile ya Grenoble, Ufaransa, ina mzunguko wa mita 844. Ya maabara ya Argonne karibu na Chicago inapita kilomita moja, na huko ndiko wamepiga picha makumi elfu kwa sekunde za leza ikichimba chuma, wakaona vile vitundu vya mviringo vikizaliwa chini ya shimo lake. Nyutroni, ambazo hupenya sentimita kadhaa za chuma na hivyo zinafaa kwa vipande vinene, hutolewa na mitambo mikubwa kama ile ya maabara za Oak Ridge, Marekani, na ISIS, Uingereza. Afrika bado haina sinkrotroni yake. Iliyo jirani zaidi nasi ni SESAME ya Jordan, iliyozinduliwa mwaka 2017 kwa ushirikiano wa nchi kadhaa.

Kwa mradi wako achana na eksirei, chukua madoa. Hili nalisema kwa dhati, kwa sababu nimeona miradi mingi ya mwaka wa mwisho ikiota kifaa ambacho hakipo badala ya kukamilisha kilichopo. Unahitaji mashine ya kuvuta, ambayo maabara za uhandisi hapa mjini wanazo, kamera iliyofungwa imara kwenye stendi, taa isiyocheza, rangi ya kupuliza nyeupe isiyong'aa na nyeusi ya kurushia madoa. Programu za bure za kuchambua picha zipo. Fanya hesabu kwanza: 316L iliyochapwa ikifika megapaskali 480 huwa imerefuka robo ya asilimia moja tu. Kama urefu unaoupima unajaza pikseli 3,000 za picha yako, mrefuko wote huo ni pikseli saba na nusu. Programu nzuri, ikipewa madoa yenye upana wa pikseli tatu hadi tano, hutambua mpaka sehemu chache za mia za pikseli moja, kwa hiyo kazi inawezekana, ila haina nafasi ya uzembe. Ukitumia simu, funga fokasi na mwanga visijirekebishe vyenyewe, na uzime ile huduma ya kutuliza picha, maana hiyo huhamisha picha nzima kimyakimya na kukuharibia kila kitu. Sampuli ikisogea kuelekea kamera hata kidogo, picha itakua na programu itadhani chuma kimerefuka. Weka kamera mbali na utumie lenzi ya kuvuta karibu. Kabla ya kuvuta chochote, piga picha ishirini za sampuli iliyotulia. Mrefuko wowote utakaouona humo ni kelele za mfumo wako, na huo ndio mpaka wa unachoweza kudai katika ripoti.

Ukikosa chuma cha kuchapwa, ambacho ni ghali, tumia nondo uliyoichonga mkato mdogo ubavuni, au kiungo chenye mshono wa kuchomelea. Mshono nao ni chuma kilichoyeyushwa na kugandishwa upesi, una mkazo wake uliofungwa na vitundu vyake, na utakufundisha karibu yote.

SWALI

Nimesikia ndege mpya zina vipuri vilivyochapwa ndani ya injini. Ni kweli? Na kama vitundu haviishi, sisi abiria tupo salama?
Msomaji, Kigamboni

JIBU

Ni kweli. Boeing 737 MAX 9 za Air Tanzania, ambazo ya kwanza ilipokelewa hapa Dar es Salaam Oktoba 2023, zinaruka kwa injini za LEAP-1B, na ncha za nozeli zinazopuliza mafuta ndani ya injini hizo huchapwa kwa unga wa aloi ya kobalti na kromi. Nozeli ya zamani iliunganishwa kutokana na vipande kama 20. Hii huchapwa kipande kimoja na ni nyepesi kwa robo.

Kuhusu usalama, vitundu haviishi hata katika chuma kilichosubiwa, na ndege zimeruka navyo miaka yote. Kinachotakiwa ni kujua kitundu cha ukubwa gani, mahali gani, hakivumiliki, kisha kukagua kila kipuri kwa kipimo hicho na kukitupa kinachovuka. Kwa vipuri vinavyobeba mzigo mzito, mara nyingi kipande hufungiwa katika tanuri lenye gesi iliyoshindiliwa kwa shinikizo linalozidi mara elfu moja lile la hewa tunayovuta, kikiwa moto sana, hadi vitundu vya ndani vifinyike na kufungana. Vilivyo wazi kwenye uso havifungiki kwa njia hiyo, kwa kuwa gesi huingia humo humo. Hivyo huondolewa kwa kukereza, kazi ambayo fundi wetu wa Gerezani anaijua kuliko mimi.